Nina kisukari na nalima: siku niliyoanguka shambani Mabawe

Wakuu, heshima kwenu wote. Mimi huwa nasoma tu humu na kupita. Naandika polepole, elimu yangu ni darasa la saba, kwa hiyo mnivumilie. Ninachoeleza kilinipata mimi mwenyewe, sijaongeza kitu.

Kuna mtu aliandika humu kwamba kijana mwenye kisukari cha sindano ni wa kukaa nyumbani akisubiri siku yake. Nimekaa na maneno hayo siku tatu. Leo namjibu.

Kwetu ni Mabawe, wilaya ya Ngara. Nilianza kuugua nikiwa na miaka kumi na nne. Kiu, mkojo, kukonda. Hospitali wakasema mwili wangu hautengenezi insulini, nitachoma sindano kila siku. Nesi alinionya: ukichoma, ule. Usipokula, sukari itashuka, na ikishuka inaua haraka kuliko ikipanda.

Nilimsikia vizuri. Shida yangu ilikuwa aibu.

Pale kijijini tunalima kwa zamu. Leo shamba la huyu, kesho la yule. Tunaanza alfajiri, na hakuna anayeweka kitu mdomoni mpaka shamba liishe. Baada ya hapo mwenye shamba ndiye analeta chakula na pombe ya ndizi. Ukila kabla, wewe ni mlafi, na jina hilo linakufuata mpaka kwa wakwe.

Nilificha ugonjwa wangu. Nilikuwa nakula viazi nyumbani kabla ya kutoka, halafu naomba Mungu shamba liwe dogo. Rafiki yangu Edsoni peke yake ndiye alijua kuhusu sindano. Dawa naiweka kwenye chungu chenye mchanga mbichi, maana friji hatuna.

Mwaka ule nilioanguka, Warundi walikuwa wameanza kuvuka tena mpaka wakikimbia machafuko kwao. Mama mmoja, tulimwita Mama Espe, alikuwa amefikia kwa ndugu zake jirani na sisi akisubiri kupelekwa kambini. Alikuja kulima nasi ili apate chakula.

Siku hiyo nilichelewa kuamka. Nikachoma sindano, viazi nikaviacha jikoni, nikakimbia. Wakuu, hilo ndilo kosa. Niliogopa zaidi kuchekwa kwa kuchelewa kuliko nilivyoogopa kufa.

Jua lilipopanda mikono ikaanza kutetemeka. Jasho la baridi. Jembe moja nikaliona mawili. Nikakaa chini, kisha nikalala kabisa kwenye tuta. Nilikuwa nawasikia, lakini ulimi haukutii.

"Huyu kalewa asubuhi hii?" Hiyo ilikuwa sauti ya Baba Furaha, kiongozi wetu.

"Hajalewa, ana sukari!" Edsoni akapiga kelele. "Dawa yake ni sindano, naikimbilia kwao!"

Na kweli alirudi nayo. Rafiki yangu, kwa upendo wote, alikuwa amekuja kuniua.

Mama Espe akamshika mkono. "Oya! Weka chini. Amekula?"

"Shamba bado halijaisha," Baba Furaha akamjibu.

"Sijauliza shamba, baba. Nimeuliza kama amekula."

Mama Espe hakusubiri jibu.

Akachukua kibuyu cha juisi ya ndizi ambayo mwenye shamba aliwawekea walokole wasiokunywa pombe. Watu wakapiga kelele kwamba utamu ndio sumu yangu. Hakuwajali. Akaniinua kichwa, akaona bado nameza, akaninywesha kidogo kidogo. Haukupita muda mrefu, nikaanza kuona nyuso zao moja moja.

Nikamuuliza amejuaje.

Akasema, "Kijana wangu wa kwanza alikuwa nayo. Tukiwa njiani chakula kiliisha. Mimi nikamchoma saa ileile kama kawaida. Hakuamka."

Akafunga vizuri kibuyu, akarudi kwenye mstari wake. Mimi nililia, yeye hakulia.

Baba Furaha akasema, tena kwa huruma, "Basi wewe kaa nyumbani. Zamu yako tutakulimia."

Wakuu, mimi ni mtu wa kuongea nikiulizwa tu. Lakini nilisimama. "Samahani, Baba Furaha. Sitaki kulimiwa. Nitalima. Ila saa nne nitakula, hapahapa, mbele yenu. Anayetaka kucheka acheke."

"Tangu lini mtu akala shamba likiwa bado bichi?"

Edsoni akadakia, "Tangu leo. Na mimi nahisi kuugua, lete kiazi!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilipomaliza kula viazi alivyotuletea mwenye shamba, nikachukua jembe. Mstari wangu niliumaliza.

Mama Espe alipelekwa kambini wiki iliyofuata na sijamwona tena. Mpaka leo, saa nne ikifika natoa viazi vyangu. Baba Furaha bado ananipa mgongo nikila. Lakini hajawahi kuanza mstari mpya kabla sijamaliza kutafuna.

Nilichojifunza: usifiche. Wanaokuzunguka wajue sindano ni ya nini, na wajue pia kwamba ukitetemeka na kutoka jasho unahitaji kitu kitamu, siyo sindano. Edsoni angejua hilo mapema kama ningefungua mdomo.

Wenye ugonjwa huu, au wanaouguza, semeni hapa chini mnaishije nao. Nitasoma yote, hata kama nitachelewa kujibu.

Na wewe uliyesema tukae nyumbani, karibu Mabawe. Njoo na jembe lako, tuanze mstari pamoja. Saa nne nitakugawia kiazi.