Santuri Niliyomfichia Wafula

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo huweka kikombe cha chai chini. Nilikuwa kijana wa suruali pana na nywele nyingi, karani wa stoo kule Industrial Area, nikikaa na kaka yangu Wafula katika chumba kimoja hapa hapa mtaani Ziwani, Nairobi. Siku hiyo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimemnyima ndugu yangu wimbo wakati bado ana masikio ya kuusikia. Keti, Nafula. Waambie na hao wenzako watoe hedifoni, maana habari hii ni yenu.

Tangu wiki jana nawasikia mkibishana hapa sebuleni. Ile albamu ya bluzi na roki niliyoipenda ujanani inatolewa upya. Mnasema mafundi wa ng'ambo wameziendea kanda za kwanza kabisa, wakazisafisha, na sasa mtu atasikia hata pumzi ya mwimbaji kabla hajafungua kinywa. Haya, vizuri. Mmeunda kikundi kwenye simu, ninyi na wenzenu wa mitaa ya Buruburu na Umoja, na mmewekeana sharti kwamba hakuna kuisikiliza ile ya zamani mpaka hii mpya ifike. Mfungo kabisa, kama wa Kwaresima! Anayeonja kabla ya siku mnamcheka. Mimi sikatai, kungoja kuna utamu wake, na subira huvuta heri. Lakini Jumapili nilipokuomba uniwekee ule wimbo wa kwanza wa upande wa pili, ulinijibu nini, Nafula?

"Zii, babu. Hiyo ya kitambo iko na kelele mob. Ngoja mpya ikuje, utaskia poa."

Ulisema kwa upendo, najua, na sikukasirika. Nilitoka nje nikajifanya nakagua sukuma wiki zangu bustanini, kwa sababu, ukiondoa hiyo Sheng yenu, maneno hayo ya kelele nyingi na kungoja kilicho bora niliwahi kuyasema mimi.

Sasa sikilizeni. Wafula alikuwa mkubwa wangu kwa miaka minne. Ndiye aliyenitoa Bungoma akanileta Nairobi, akanilaza kitandani mwake yeye akalala chini, mpaka nilipopata kazi. Jina lako, Nafula, tulikupa kwa ajili yake. Kule nyumbani alikuwa akijitengenezea gita kwa debe na waya, na alilipiga hata mbuzi wakasimama kula. Usicheke, niliwaona kwa macho yangu. Hapa Nairobi akapata kazi kwenye karakana ya mapipa. Kazi yake ilikuwa kunyoosha mapipa ya chuma yaliyobonyea, kwa nyundo, kutoka asubuhi mpaka jioni, ndani ya jengo la mabati matupu. Siku hizo nani angewapa kitu cha kuziba masikio? Walichomoa pamba kwenye magodoro yao wakajiziba nayo, na pamba ya godoro, mwanangu, hata mlio wa mbu haizuii.

Wimbo mmoja wa albamu hiyo tuliusikia redioni, gita likilia juu ya ngoma bila mwimbaji, mwanzo mpaka mwisho, na Wafula akaacha kula mpaka ugali ukapoa. Kutoka siku hiyo tukaanza kuitafuta. Duka la santuri mjini lilikuwa limeishiwa. Miezi mizima Wafula alipita pale kila Jumamosi kwa miguu akitoka kazini, akiuliza kama mzigo mpya umefika. Mwenye duka akamzoea, akawa anatikisa kichwa tangu mbali. Kisha ukafika siku Wafula yuko kazini, nikawahi mimi, nikainunua, nikaishika kwa mikono hii. Aliyekuwa akingoja kuliko wote alikuwa yeye, lakini santuri ilikuwa yangu, na hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia.

Hatukuwa na mashine. Mwenye gramafoni katika safu yetu ya nyumba alikuwa Mzee Odhiambo, mstaafu wa reli, mtu mnene mwenye moyo mkunjufu. Jumamosi alasiri alikuwa anaitoa mlangoni, nasi kila mtu na kigoda chake na santuri yake. Lakini sindano yake ilikuwa imekwisha. Ili isiruke, alikuwa amebandika sarafu juu ya mkono wa gramafoni, ikawa inalima santuri za watu kama jembe. Niliona moja iliyoingia ikimetameta ikatoka ina mikwaruzo myeupe. Mimi karani wa stoo, mtu wa kufunga kila kitu kwa karatasi na kukiandika namba, ningempa santuri yangu mpya? Thubutu! Niliivisha kitambaa nikaifungia sandukuni chini ya kitanda, nikaapa kwamba haitaguswa na sindano mpaka ninunue mashine ya kisasa yenye spika mbili.

Wafula aliniomba. Hakuniomba mara moja wala mbili.

"Simiyu, leta upande mmoja tu tusikie kwa Mzee. Kisha utairudisha sandukuni kwako."

"Ngoja, kaka. Nikipata mashine utasikia gita mpaka ukucha unavyogusa waya. Kule kwa Mzee utasikia kelele tu."

"Kelele nimezizoea," akasema, akacheka, akaenda na kigoda chake kusikiliza santuri za wengine.

Mnaona jinsi nilivyokuwa na nia njema? Nilitaka asikie kilicho bora, na haki ya Mungu sikuwa na choyo. Kumbe wakati mimi nalinda santuri isikwaruzwe, kuna kitu kingine kilikuwa kinakwanguliwa kila siku pale karakanani, na hicho hakifungiki sandukuni. Wafula akaanza kuniuliza "Eti?" kila nikimwambia jambo. Birika lilitokota mpaka maji yakakauka, naye ameketi kando yake. Majirani walimsalimu kwa nyuma asiitike, wakasema kijana wa watu ameingiwa na maringo. Nami, badala ya kujiuliza, nilikuwa namkasirikia. "Wewe unanidharau," nikamwambia siku moja, naye akatabasamu tu, kwa sababu hakunisikia.

Mwaka ukapita na ushei. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, na tumbo lililoumia halikuwa langu. Hatimaye mashine ikaja, imebebwa na mkokoteni kutoka mjini, na ndiyo hiyo Jumamosi ninayowaambia. Wafula alioga, akavaa shati lake la kanisani. Nawaambia alivaa shati la kanisani kusikiliza santuri! Majirani wakajaa mlangoni, Mzee Odhiambo mbele yao na kigoda chake. Nikaitoa santuri kwenye kitambaa, haina hata alama ya kidole, nikaiweka, nikashusha sindano taratibu.

Jamani, gita lile! Liliingia chumbani kana kwamba mpigaji ameketi kitandani na sisi. Mama mmoja mlangoni akasema "Yesu wangu!" Nilifumba macho. Nilipoyafumbua nikamtazama Wafula, naye alikuwa anatikisa kichwa, anatabasamu, anapiga goti lake kwa kiganja. Nikafurahi kupita kiasi. Kisha wimbo ukaisha, ukimya ukaingia kabla ya wimbo wa pili, na Wafula akaendelea kutikisa kichwa na kupiga goti.

Nilidhani anatania. Nikainama karibu na sikio lake, nikamuuliza kwa sauti kama ni tamu.

"Tamu sana," akasema. "Ngoma naisikia kwa mbali. Sasa lile gita linaingia lini?"

Gita lilikuwa limelia toka mwanzo, mwanangu. Lilikuwa limelia mpaka watu wazima mlangoni wakapangusa macho. Nami nilifanya nini? Nilikosa ujasiri. Nikamwambia, "Ngoja kidogo, kaka, linakuja." Akaitika kwa kichwa, akaketi vizuri, akalingoja. Alilingoja gita lile mpaka santuri ikaisha pande zote mbili, na sikuweza kumtazama tena usoni.

Jumatatu tulikwenda kliniki. Daktari alituambia masikio yakichoka hivyo hayarudi, na kwamba sauti nyembamba ndizo hutangulia kwenda. Sauti nene zingebaki naye kidogo, kisha nazo zingefuata. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jioni hiyo nilimkuta Mzee Odhiambo mferejini, ndoo yake imejaa inamwagika wala hajali. Mzee yule hakuwahi kunigombeza kabla ya siku hiyo.

"Simiyu," akasema, "santuri zangu zote zimekwaruzika. Nyingine zinaruka, nyingine zinakoroma, na hakuna hata moja ningeweza kumwuzia mtu. Lakini nitajie mtu mmoja katika safu hii aliyewahi kunyimwa mlangoni kwangu wimbo anaoupenda. Yako bado ni mpya, mwanangu. Utampigia nani?"

Nilibeba ndoo yake mpaka kwake, nikarudi, nikalia kama mtoto nyuma ya choo cha safu ili Wafula asinione.

Wafula aliacha ile kazi, akarudi Bungoma akalima, akaoa, akazeeka vizuri, ametangulia mbele ya haki. Kila nilipomwomba radhi, nikimwandikia kwenye karatasi, alinipiga bega akacheka. "Ulinitakia kilicho kizuri," alikuwa akisema. Na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Ukimnyima mtu kwa chuki, utatubu, mambo yataisha. Ukimnyima kwa mapenzi, hujui hata toba uianzie wapi. Majuto ni mjukuu, na wangu huyu amezeeka nami.

Sasa nawaambia waziwazi, msije mkasema mzee alizungukazunguka. Ngojeni hiyo albamu yenu iliyosafishwa, na ikifika mwalikane, mfunge madirisha, msikilize hiyo pumzi ya mwimbaji. Mkitaka ule mfungo wenu, fungeni wenyewe. Ila msimfungishe mtu mwingine bila kumuuliza kama ana muda. Mama anayetaka kusikia sauti yako leo usimwambie angoje mpaka upate kazi nzuri. Rafiki anayetaka kuja kwako usimzuie kwa sababu viti havijafika. Mpe kilichopo, na kelele zake. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na wimbo wa mwakani haumfurahishi anayekuomba leo. Kitu kizuri kinaweza kukaa sandukuni mwaka mzima kisiharibike, lakini binadamu hatuhifadhiki hivyo. Mtu akikuambia "Eti?" mara ya tatu, usimkasirikie, msogelee umtazame.

Na wale kati yenu mnaofanya kazi kwenye mitambo, vaeni vile vya kuziba masikio. Najua vinawasha, na wenzenu wanawacheka. Vaeni hivyo hivyo.

Mungu awabariki, wanangu. Awape mikono isiyofumba, na miaka mirefu pamoja na wale mnaowapenda. Na siku hiyo santuri yenu itakapofika, asikosekane hata mmoja aliyekuwa akiingoja, na kila mmoja wao alisikie gita likianza.