Nyota Isiyojifunga

"Kama nyota iko wazi, uyoga uko wapi?"

Mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu, aliniuliza hivyo tukiwa tumeinama kwenye kichaka cha bondeni, kando ya mto Lukuga, vikapu vikiwa vitupu. Nilipekua majani tena. Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea mwisho, Wazungu wakiuita mji wetu wa Kalemie kwa jina lao, Albertville. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka shule ya masista kwa likizo ya Noeli, siamini jambo mpaka niligeuze nilione na upande wa chini.

Nyota yenyewe ni uyoga usioliwa. Hutoka ardhini kama kidonge cha rangi ya udongo, kisha ganda lake hupasuka na kujitandaza chini kama miale, katikati kikibaki kifuko cha vumbi. Wanawake wa mtaa wetu waliitumia kama mlango. Ukiikuta imefunguka, ardhi imekubali, ingia utafute uyoga wa kula. Ukiikuta imejikunja kama ngumi, rudi nyumbani. Niliwahi kuuliza nani alihakikisha jambo hilo. Nikaambiwa nichambue mboga.

Kulikuwa na sharti lingine: mwanamke aliyegombana na mumewe asiingie msituni, kwa sababu uyoga hujificha.

Mwaka ule miombo ya karibu ilikuwa imekatwa kwa kuni na makaa. Mama mdogo ndiye aliyependekeza kichaka cha bondeni, maana alikuwa ameona nyota nyingi huko, zote wazi. Tulikwenda, tukatoka mikono mitupu. Tukarudia, ikawa vilevile.

"Nyota iko wazi, uyoga inakatala kutoka," alisema mama mmoja mnene aliyetutangulia siku zote. "Kuko muntu hapa amekuja na maneno ya nyumbani."

Wote wakamtazama mama mdogo. Ugomvi wake na mumewe ulisikika mpaka stesheni ya treni.

"Jana hatukugombana," alisema.

"Jana bwana yako alikuwa safarini Kabalo," mwingine akamjibu, na wenzake wakacheka.

Aliambiwa asitoke nao tena msimu ule. Kwake halikuwa jambo dogo. Uyoga aliokausha ndio uliowalisha watoto wake miezi ya ukame, na kwenye safari hizo za msituni ndiko alikosifiwa kwa macho yake makali. Usiku huo hakula.

Mimi nilikuwa na swali moja tu: mvua ilikuwa imekatika siku kadhaa, ardhi inapasuka, kwa nini nyota za bondeni bado ziko wazi?

Asubuhi nilimvuta mama mdogo tukapanda mbali, mpaka miombo iliyobaki juu ya kilima. Huko, kwenye mchanga mkavu kati ya mizizi, nyota zote zilikuwa zimekunja ngumi. Nilichukua kadhaa. Tukashuka bondeni, nikachukua nyingine kutoka kwenye majani yaliyooza chini ya kichaka. Nilipoziweka pamoja kwenye ungo niliona mambo tusiyowahi kuyaona. Ya kilimani ilikuwa na miale minene, ngumu, yenye nyufa kama udongo wa dimbwi lililokauka. Ya bondeni miale yake ilikuwa myembamba, na kifuko chake kilikuwa na kidomo kilichochongoka.

Niliwaita wale mama uani kwetu. Nikatia nyota za aina zote mbili katika sahani ya maji. Ya kilimani ikaanza kujinyoosha mbele ya macho yao, mwale kwa mwale. Nikaziweka zote kando ya mbabula, jiko letu la makaa. Ya kilimani ikajikunja tena. Ya bondeni ilikauka tu, miale imetandazwa vilevile.

"Tia tena maji," alisema yule mama mnene. Nikatia. Akainama mpaka pua ikakaribia sahani. "Hii njo ya mulima," alisema, yaani ndiyo ya kilimani. "Na hii?"

"Ya bondeni, Mama. Haijui kujifunga. Hata mwezi wa saba utaikuta wazi."

Akaigusa ya bondeni kwa kidole. "Basi ilitudanganya."

"Nyota haikusema kitu," mama mdogo akasema. "Njo weye ulisema."

Walicheka, naye yule mama akacheka mwishoni.

Mvua iliporudi, mama mdogo ndiye aliyetangulia kupanda kilima. Asubuhi ile alikuwa amegombana na mumewe, na sauti ilifika stesheni. Hakuna aliyethubutu kulitaja. Nyota zilikuwa wazi. Uyoga wa manjano ulikuwa umetapakaa chini ya miombo hata tukakosa pa kukanyaga. Vikapu vilipojaa tulifungua vitenge tukajaza na hivyo, tukashuka tukiimba, yule mama mnene akiwa nyuma ya mama mdogo, akikanyaga alipokanyaga yeye.

Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, nilijifunza kwamba nyota zile mbili si ndugu hata kidogo. Ya bondeni huishi kwa majani yaliyooza. Ile inayojikunja ni ya ukoo wa uyoga mnene wenye vitundu chini ya kofia, na hulishwa na mizizi ya miombo hai, mizizi ileile inayoulisha uyoga wetu wa manjano.