Mashine Tatu za Kudeki na Shavu la Mama

Jumanne moja asubuhi nilitoka chumbani kwenda kuchukua chai, nikamkuta mama yangu mzazi amelala kifudifudi katikati ya sebule.

Hakuwa ameanguka. Alijilaza mwenyewe, shavu limegusa vigae, jicho moja amelifumba, la pili linatazama upande wa mlangoni.

Nikamuuliza, "Mama, kuna nini?"

Akainuka taratibu kwa kushika kochi, maana goti lake bovu. Akasema anatafuta kifungo cha gauni.

Gauni lenyewe halikuwa na kifungo hata kimoja.

Ngoja nirudi nyuma ili tuende sawa. Na mnivumilie, naandika hii nimesimama, kukaa siruhusiwi. Sababu mtaijua.

Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Ni ya kwanza, baada ya miaka sita ya ndoa na maneno ya watu. Wiki tatu kabla ya hiyo Jumanne aliteleza kwenye korido, akaanguka kwa ubavu. Nilimkimbiza hospitali mguu mmoja una kiatu, mwingine una ndala.

Mtoto alikuwa salama. Daktari akatuambia mambo mawili: mama huyu asishike deki tena, na asianguke mara ya pili.

Hilo la pili lilinikaa kichwani likakataa kutoka.

Mama anaishi nasi tangu mwaka jana, na kwa goti lile nilishampiga marufuku kugusa ndoo. Mimi nikideki naacha madimbwi, bata anaweza kuogelea. Nikaamua kununua mashine.

Sasa mtu kama mimi ukimpa kitu cha kuchagua, umemmaliza. Kuna ya mvuke. Kuna inayofyonza vumbi na kudeki kwa mkupuo mmoja. Kuna yenye brashi mbili za kuzunguka. Kuna kile kidude cha mviringo kinachojitembeza chenyewe kama kobe mwenye haraka. Nilisoma maoni ya watu kwenye simu hadi macho yakawa mekundu. Nikamuuliza jirani yetu fundi cherehani, nikamuuliza mhasibu wa ofisini, nikamuuliza hadi daktari wa meno huku mikono yake imo mdomoni mwangu.

Mama hakuniuliza kitu, na mimi sikumuuliza.

Nikaanza na kidude. Muuzaji, mzee mmoja mpole ambaye nyumbani tulishambatiza jina la Bwana Tai kwa ile tai yake ndefu shingoni, akanihakikishia kwamba nitamkumbuka kwa wema. Nikajaza maji, nikatia sabuni ya kutosha, kikaanza safari. Sakafu ikang'aa. Nikapiga picha, nikatuma kwenye kundi la familia.

Jioni ile mke wangu akaenda jikoni amevaa soksi, mguu ukamkimbia. Akadaka mpini wa friji.

Hakuanguka, lakini mimi nilianguka moyoni. Kesho yake nikakirudisha kidude dukani, nikabadilisha, nikachukua yenye brashi mbili. Nikatia sabuni zaidi, nikidhani uchafu ndio unaoteleza. Ikawa vilevile. Ukiitazama sakafu inapendeza, ukiikanyaga inataka kukuua.

Nikabadilisha tena, nikachukua inayofyonza na kudeki. Bwana Tai sasa akiniona anaanza kukuna kichwa.

Na katikati ya hekaheka hizo, mama ndiyo akaanza vituko.

Kwanza ni lile la shavu. Kisha mke wangu akamkuta amevaa soksi nyeupe mkononi kama glovu, anaipitisha sakafuni, halafu anainusa. Kisha nikamkuta mwenyewe jikoni anamimina sabuni yangu ya sakafu kwenye sinki, chupa nzima, na anaijaza maji matupu. Nikamuuliza kulikoni. Akasema chupa ilikuwa chafu, anaisuuza.

Mke wangu alilia siku hiyo. Nataka mjue aliyoniambia hakuyasema kwa ubaya, anampenda mama. Lakini bibi yake mzaa baba alianza hivyohivyo. Alianza kwa kumwaga vitu na kuongea na ukuta, mwisho hakuwajua hata wanawe.

"Mume wangu," akaniambia, "mtoto akizaliwa nitamwachaje naye?"

Mama amemsubiri mjukuu huyu miaka sita. Ameshafuma kofia tatu. Nikampigia dada yangu mkubwa anayeishi mbali, naye akasema nimpeleke kwanza kwa daktari wa mambo ya kichwa, halafu nimpandishe basi aende kwake, kabla hajatuunguzia nyumba.

Nikampa mama habari, nikipindapinda maneno. Hakubishana. Alikwenda chumbani akapanga begi lake mwenyewe, zile kofia tatu akaziacha juu ya kitanda.

Nilijisikia vibaya sana, sitawaficha.

Ijumaa tukatoka. Begi la mama kiti cha nyuma, mashine ya tatu kwenye buti, maana nilipanga kuirudisha njiani. Nyumbani tulimwacha baba mkwe amekuja kumuaga. Baba mkwe humwita mama "Mama Nesi". Kila akija humuuliza juu ya vidonge vyake vya presha, na kila mara mama humjibu jibu moja: "Muone daktari, baba."

Pale dukani nilimwambia mama asubiri kwenye gari. Hakusubiri. Nikiwa kaunta nabishana na Bwana Tai, nikasikia watu wamenyamaza nyuma yangu.

Mama alikuwa amelala kifudifudi kwenye kile kipande cha vigae wanachofanyia majaribio.

Nikainama nikamnong'oneza ainuke, watu wanaangalia. Akanijibu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa shule ya msingi.

"Waache waangalie. Wewe zima hiyo taa ya juu, ufungue mlango mwanga uingie kwa ubavu."

Bwana Tai ndiye aliyezima taa. Mama akatazama, akainuka, akaenda kwenye mashine yangu niliyokuwa nimeishusha hapo kaunta. Akaifungua bila kutazama maandishi. Akachungulia tangi la maji machafu kama limetengana na la maji safi. Akachomoa brashi, akaona inatoka na kurudi kirahisi, inaweza kuoshwa na kuanikwa. Akainua mashine nzima kwa mkono mmoja, akasema uzito huu mjamzito hapaswi kuunyanyua, lakini mumewe ana mikono.

Kisha akanigeukia.

"Hii ni nzuri, baba. Hata ile ya brashi mbili ilikuwa nzuri. Tatizo si mashine. Sabuni unayotia wewe ingetosha wodi mbili. Inakaukia sakafuni, inakuwa utando. Ukisimama huuoni. Ukilala chini unauona. Mkeo anatembea juu ya sabuni kila siku."

Bwana Tai akamuuliza kwa heshima kabisa, "Mama, kazi hii umejifunzia wapi?"

Mama alinitazama mimi kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa.

Mimi nikatazama chini.

"Niliona watu wakifanya," mama akasema.

Wakuu, hapo ndipo nilipoisha.

Mama yangu hajawahi kuwa nesi. Miaka ishirini na saba alikuwa msafishaji wa hospitali. Ndiye aliyesukuma ile mashine kubwa ya kuzunguka kwenye makorido, na wasafishaji wapya walikuwa wanapelekwa kwake kufundishwa. Nilisoma kwa kazi hiyo. Viatu vyangu vya shule vilitoka kwenye sakafu hizo.

Nilipokwenda kuposa, niliona nyumba ya wakwe, nikaona walimu na mainjinia walivyojaa ukutani kwenye picha, nikaogopa. Nikamwomba mama, akiulizwa aseme alikuwa anafanya kazi hospitali, basi. Wakwe wakajiongeza wenyewe, wakasema nesi. Mimi nikanyamaza na yeye akanyamaza. Uongo ule ulikuwa wangu, yeye alinibebea tu.

Kwenye gari nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema, toka kile kidude cha kwanza.

Akaweka mkono begani kwangu. "Nesi atajuaje mambo ya sabuni ya sakafu, baba? Mkeo angeniuliza maswali. Nikaona niikague na kuimwaga kimyakimya."

Yaani alikuwa radhi aitwe mwehu, apandishwe basi, amkose mjukuu wake, kuliko kunivua nguo mbele ya wakwe.

Kwa daktari hatukufika. Niligeuza gari pale pale, na mashine yangu nikiwa nimeirudisha kwenye buti.

Nyumbani nilisema yote mlangoni, kabla sijabadili mawazo. Mke wangu yuko kwenye kochi, baba mkwe ameshika kikombe. Niliona ndoa yangu inakwenda na maji.

Baba mkwe akaweka kikombe mezani. "Kwa hiyo vile vidonge vyangu…"

"Ndiyo maana nikawa nakwambia umuone daktari," mama akasema.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mke wangu hakucheka. Alinyanyuka na tumbo lake, akapita kando yangu kama hanioni, akachukua begi mkononi mwa mama, akalirudisha chumbani. Nikamsikia akilia huko ndani, akimwomba mama msamaha. Mimi ameninunia tangu jana hiyo, na ni haki yake.

Leo asubuhi mama ameniita sebuleni. Akaniambia nilale chini. Nikalaza shavu kwenye vigae, nikafumba jicho moja kama alivyonielekeza. Nikauona utando wote, michirizi kwa michirizi, na nyayo za mke wangu zikipita juu yake kuelekea jikoni.

Sakafu ni baridi, jamani. Miaka ishirini na saba aliulaza uso wake kwenye sakafu kama hii ili wagonjwa wasianguke, na mimi ndiyo kazi niliyoionea aibu.

Tumedeki upya kwa mashine ileile ya tatu. Maji matupu mara mbili, kisha maji yenye kifuniko kimoja cha sabuni. Mke wangu akapita na soksi, hatua kumi, mguu haukusogea.

Wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilificha heshima nikidhani nimeficha aibu, na nusura nimpoteze mtoto kabla hajazaliwa. Kwa hiyo wewe unayezunguka madukani kutafuta anayejua, kwanza kaa ukumbuke ni nani uliyemfunga mdomo hapo kwako.

Na kuhusu kusimama: sakafu bado mbichi. Mama ameniweka mlangoni mwa korido nizuie watu mpaka ikauke, na amesema akikuta alama ya mguu atajua ni wangu.