Wimbo wa Kufunika Maungamo

Kanisa letu la mbao halijui kutunza siri. Mjomba na wenzake walilijenga wakiwa vijana, kwa mbao mbichi, kwa sababu askofu alishapanga siku ya kulibariki na hakuna aliyethubutu kumwambia asubiri miti ikauke. Kiangazi cha kwanza mbao zikasinyaa. Kuta zikaachia mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza, na kiti cha kitubio, alichokitengeneza Mjomba peke yake kwa majivuno, kikapata nyufa za kupitisha kidole. Tangu hapo, mtu akiingia kuungama, waliobaki kwenye mabenchi huimba ili wasimsikie. Anayeanzisha wimbo ni mimi. Nilisoma historia chuoni, nikarudi na shahada. Kigango kikanikabidhi ufunguo wa kanisa na kazi ya kupiga kelele.

Mjomba hajawahi kuitetea kazi yake. "Nimemjengea Mungu nyumba," husema, "mtu akipiga chafya nje, ndani tunamwambia afya." Mnara wa kengele umeinama kuelekea kilabu cha pombe. Anasema unamtafuta fundi wake.

Lakini tangu mkewe afariki hakuwahi kuungama. Unene wa ule ubao wa kitubio anaujua. Tena mashine ya kupasulia mbao imemla masikio, na siku hizi hata akinong'ona ng'ombe hugeuka. Kisha daktari akampangia upasuaji wa moyo. Jumamosi kabla ya kulazwa akaja kanisani amevaa koti lake la harusi.

"Mwanangu, leo naingia. Imba kama umelipwa."

"Mjomba, sauti yangu unaijua."

"Naijua. Nashukuru mimi ni kiziwi."

Mama, ambaye ni dada yake, alikuwa benchi la mbele. "Chagua dhambi zile kubwa kubwa tu, kaka. Padri naye anahitaji kula."

Akaingia. Tukaimba. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, wa pili ukavumilika. Kwenye wa tatu nikafanya ujinga wangu wa kawaida: nikaanza kufikiri. Nilitazama juu, kwenye makenchi ya paa aliyoyaunga kwa vigingi vya mti pale misumari ilipowaishia, nikajiuliza nani atayarekebisha kama Mjomba hatarudi. Maneno ya ubeti yakanitoka kichwani. Nikanyamaza, na kwa kuwa wenzangu hunifuata hata ninapopotea, kanisa zima likanyamaza.

"...nilimwahidi nyumba, Padri! Mbao zake nikazileta huku kanisani! Kila mwaka nikamwambia mwakani! Mke wangu amefia chumba cha kupanga!"

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Kisha yeye mwenyewe akaudaka wimbo, juu kuliko mtu yeyote anavyoweza kuufuata, nasi tukaurukia kama watu waliofukuzwa na nyuki.

Mjomba alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akatutazama benchi kwa benchi.

"Mmesikia?"

"Tusikie nini?" Mama akajibu. "Si tulikuwa tunaimba?"

Akanigeukia mimi. "Na wewe?"

"Mjomba, kwa sauti hii yangu, nani angesikia kitu?"

Akautazama ukuta wake wenye mapengo. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na ukuta ukalia naye.

"Waongo wakubwa nyie! Tena mbele ya altare! Haya, pangeni foleni. Padri bado yumo."

Tukapanga kweli. Mimi nilikuwa wa kwanza, maana dhambi ilikuwa bado ya moto. Nilipopiga magoti, kabla hata sijafanya ishara ya msalaba, nikamsikia Mjomba nje akisafisha koo. Akaanza kutuimbia, peke yake, tangu ubeti wa kwanza, bila kugusa noti hata moja, kwa nguvu zote za moyo ule mbovu.

Kwa mara ya kwanza tangu kiti kile kijengwe, padri aliniomba nipaze sauti.