Wanja wa Kuzuia Leza

Mwaka 2018 mama alitutembelea Pearland, mji jirani na Houston, jicho lake lililopasuliwa mtoto wa jicho huko Tanga likiwa limeingia ukungu tena. Daktari akashauri leza. Mama akaniuliza leza ni nini, nami, msomi wa kuchosha watu, badala ya kumweleza habari za jicho nikamweleza makombora.

Nilisimulia njia nzima hadi hospitali kule Houston. Wahandisi waliota ndoto ya kuunguza makombora kwa mwanga kutoka anga za juu. Baadaye wakafunga leza kwenye pua ya ndege kubwa, na kweli ikaangusha kombora la majaribio, lakini hewa na vumbi viliudhoofisha mwanga ukienda mbali, mradi ukafungwa.

Tulipofika, muuguzi alimwomba mama afute wanja. Alikuwa ameupaka garini, mzito kama lami.

"Sifuti," akaniambia. "Si umesema vumbi linaushinda huo mwanga?"

Bila leza angerudi Tanga asiweze kusoma msahafu wake.

"Mama, wale watu hawakukata tamaa. Walibuni kioo kinachobadili umbo kila hewa inapochezacheza, ili mwanga ufike umenyooka. Mpaka leo wanahangaika, sasa kwa leza ndogo za umeme."

"Miaka yote hiyo hawajachoka?"

"Hawajachoka."

Akapokea kitambaa kwa muuguzi. "Watu wenye subira hivyo hawatanitoboa jicho. Ingekuwa ni wewe unayeishika hiyo leza, nisingefuta."