Baridi ya Bibi Saziye

Kijijini kwetu milimani juu ya mji wa Giresun, Uturuki, waliohamia Istanbul wote hurudi Agosti kuvuna hazeli, njugu zetu za mitini, hata wale waliosahau njia ya nyumbani. Jirani yangu Bibi Saziye alimlea mwanawe Rifki peke yake kwenye mteremko ule, akivuna na kamba kiunoni asiporomoke. Mwaka huu Rifki akapiga simu, hata salamu hakumaliza.

"Mama, hazeli zimezaa?"

Bibi akanikonyeza. "Wapi! Baridi ya Aprili imepiga zote. We njoo tu mwanangu, tunywe chai."

Alipokata simu nilicheka mpaka mbavu zikauma, maana matawi yalikuwa yameinama kwa uzito. "Bibi, muongo wewe!"

"Nyamaza. Nataka nijue huwa anamfuata nani, mimi au miti."

Akatandika shuka jipya, akapika supu ya kabichi. Rifki hakuja. Alituma stika ya kikatuni kinacholia.

Tukavuna wawili, tukaanika uani. Nikamwambia, "Nimtumie picha ya magunia, akome?"

"Acha," akasema, huku akilikunja lile shuka. "Sikumdanganya. Baridi imepiga kweli."