Kiti cha Nyuma Kiko Sebuleni

Kiti cha nyuma cha gari letu kilikaa sebuleni miezi saba, chini ya dirisha, mikanda yake ikining'inia. Wageni walikuwa wanakaa hapo. Shemeji yangu mmoja, mtu mzima mwenye ndevu zake, alikuwa anajifunga mkanda kabisa ndipo aombe chai. Mtoto amekitapikia mara nyingi mpaka kitambaa kimebadilika rangi. Mume wangu alikitoa kwenye gari mwenyewe kwa spana, mtoto akiwa na wiki sita, ili gari liwe jepesi. Jepesi la kwenda wapi, sijui. Sisi tunakaa Engutoto, na huko kliniki ninakoenda na mtoto mgongoni, hata gari zito lingenifikisha. Kiti cha mbele kilichobaki ni cha mashindano, mikanda yake hairuhusu kumpakata mtoto.

Siku za kazi mume wangu anatengeneza mafriji. Mwisho wa wiki anageuka dereva wa mashindano. Kikombe anacho kimoja, cha plastiki, walichopewa wote waliojitokeza siku mvua ilipoharibu mambo.

Tuligombana kuhusu hicho kiti mpaka tukachoka, tukakubaliana hivi. Yakifika mashindano ya Kikwe, akimaliza njia yote, kiti kinabaki sebuleni na mimi nafunga mdomo mwaka mzima. Asipomaliza, kiti kinarudi garini na mtoto anaenda kliniki amekaa kama watoto wa watu. Nilikubali haraka kwa sababu gari lile nalijua. Kikwe limewahi kwenda mara mbili. Mara ya kwanza lilichemsha, mara ya pili lilidondosha bomba la moshi na likamaliza siku likivutwa kwa kamba.

Sasa, kwenye gari la mashindano wanakaa wawili. Kuna dereva, na kuna msoma njia, anayeshika daftari na kumwambia dereva kona gani inakuja. Msoma njia wake ni rafiki yake wa siku nyingi. Alhamisi huyo rafiki akapiga simu kusema mke wake amemkataza. Simjui huyo mama, ila nikimjua nitampelekea mkungu wa ndizi. Mume wangu akakaa kwenye kile kiti, akasema basi, hatuendi, makubaliano yasubiri mashindano mengine. Yaani miezi mingine minne na mtoto mgongoni. Hasira zikanipanda nikamwambia nitasoma mimi. Nina cheti cha kidato cha nne, daftari litanishinda?

Niangalie vizuri hapo. Nataka gari lishindwe, halafu napanda ndani ya gari hilohilo ili nilishuhudie likishindwa.

Jumamosi mnapewa nafasi ya kupita njia taratibu na kuandika kona. Kikwe ni mashamba, mahindi na maharage, na vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye nepi. Kona zinapewa namba: moja ni ile kali ya kukurudisha ulikotoka, sita ni ya kupinda kidogo tu. Mume wangu alisema nisiseme "kata kulia", ni maneno marefu, nikimaliza kutamka tutakuwa tumeshaipita. Niseme "lia" na "shoto", basi. Alilibuni mwenyewe hilo na akalifurahia sana. Nikamwambia lia ni neno la kumwambia mtoto. Akasema ndani ya gari hakuna mtoto, kuna dereva na msoma njia. Nikaandika lia.

Mtoto alikuwa na bibi yake. Mama mkwe alishuka kutoka Nkoaranga asubuhi hiyo akiwa na mwavuli na thermosi. Mwanawe, anavyosema, alianza mchezo huu na toroli la mbao kwenye vijia vya kwao, na kila mara aliishia kwenye migomba. Alinikuta nimeshavaa helmeti, najizoeza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. "Na wewe tena?"

Jumapili nilimnyonyesha mtoto mpaka dakika ya mwisho, nikamkabidhi kwa bibi, nikawaomba wakae kivulini pale pale tunapoanzia. Mama mkwe akaitikia. Nilipaswa kujua. Mwanamke aliyelea yule mwanamume hawezi kukaa mahali alipoambiwa akae.

Helmeti ilikuwa ya yule rafiki, inanuka nywele zake. Mikanda ilipita juu ya matiti na kuyabana kama mzigo wa kuni. Bendera ikashuka, gari likaruka, na mimi nikaanza kupiga kelele kwa sababu hatuna vile vifaa vya kusikilizana. Lia nne! Shoto tatu! Mnyooko mrefu, halafu lia tano!

Aibu ni kwamba niliweza. Kila nilichotamka kilikuwa kinatokea mbele yetu kama nimekiagiza. Nasema shoto, barabara inapinda shoto. Nyumbani naongea siku nzima na hakuna kinachosogea hata kikombe. Pale neno moja tu na mwanamume mzima anazungusha usukani. Nilikuwa nacheka ndani ya ile helmeti, na hilo mpaka leo sijamwambia mtu. Tulipita nusu ya njia na gari halijachemsha. Nikaanza kuwaza kwamba linaweza kumaliza, nikashtuka kuona kwamba wazo lenyewe halinikeri.

Kona iliyofuata, pale njia inaporudi karibu na tulikoanzia, daftari lilisema shoto mbili, kwenye mfereji wa kumwagilia. Nikainua macho niitamke. Juu ya ukingo, mbele kabisa ya watazamaji, alisimama mama mkwe na mwavuli wake, na mkononi mtoto wangu, mdomo wazi, uso umekunjamana. Sikumsikia, gari lilikuwa linanguruma. Lakini maziwa hayangoji kusikia. Yalitoka yote mawili kwa pamoja chini ya mikanda, na mimi nikapiga kelele:

"Analia!"

Mume wangu akakata kulia.

Kulia hakukuwa na barabara. Kulikuwa na maharage ya mtu, na baada ya maharage, mfereji.

Gari lilipotulia, pua ilikuwa kwenye tope na matairi ya nyuma yako shambani. Taa moja ilikuwa inaning'inia kwa waya. Hakuna aliyeumia. Tukakaa.

"Mbona umesema lia?" akauliza.

"Nimesema analia."

"Nani?"

"Mtoto."

Akageuka, akaangalia ukingoni, akamwona mama yake anampungia mkono. Akaegemeza helmeti kwenye usukani.

"Basi," akasema. "Kiti kinarudi."

Kwa hiyo nilikuwa nimeshinda. Nikajifungua mikanda, nikapanda ukingo na blauzi imelowa mpaka tumboni, nikanyoosha mikono kumpokea mtoto. Akaniona na ile helmeti, akalia mara mbili zaidi. Ilibidi niivue ndipo akubali kwamba mimi ndiye mama yake. Nikakaa kwenye majani nikamnyonyesha, watu wamejaa, kila mmoja na maelezo yake. Jamaa mmoja mwenye chupa ya soda alikuwa anawaeleza wenzake kwamba hiyo ni makusudi kabisa, mwanamke akiwa hataki gari lifike, halifiki. Wenzake wakacheka. Mwenye maharage, mama mmoja aliyekuja na jembe begani, akasema hata yeye ameona, gari halikuteleza, limeingia kwake kama mgeni aliyealikwa.

Mama mkwe akajikunja pembeni yangu, akanifunika na mwavuli.

"Mwanangu, umefanya makusudi?"

"Hapana, mama."

Akafikiri kidogo. "Mimi ningefanya."

Nikamtazama mume wangu kule chini. Alikuwa anazunguka gari taratibu, anagusa hiki na kile, haulizi kitu, halaumu. Nikajua na yeye anaamini. Ameshaniandika kichwani kama mke aliyemtupa mtaroni kwa ajili ya kiti, na amenisamehe. Ule msamaha ndio ulionichoma. Angenitukana ningekaa pale nyasini na ushindi wangu, nimalizie chai ya thermosi. Mimi nilitaka gari lishindwe kwa sababu ni bovu na dereva wake ni mbishi. Sikutaka lishindwe kwa sababu mimi ni mwongo.

Nikamrudishia mama mkwe mtoto, nikavaa helmeti, nikateremka. Msimamizi wa ile kona alikuwa kijana mpole mwenye kibendera. Nikamuuliza kama kusukumwa kunaruhusiwa. Akasema kunaruhusiwa, ilimradi tufike kabla hawajafungulia njia magari ya kawaida. Nikamgeukia yule wa soda.

"Wewe unayejua makusudi yangu, njoo ushike bampa."

Akaja, kwa sababu wenzake walikuwa wanamtazama. Na wengine wakaja. Mwenye maharage akasimamia kazi, akitupangia tupite wapi tusizidi kumwangamiza, na mimi nikamwapia kwamba tutarudi kumpandia upya. Mume wangu alikuwa amesimama tu.

"Unafanya nini?" akaniuliza.

"Namaliza. Ingia ndani."

"Lakini ukimaliza, kiti..."

"Najua kiti. Ingia."

Gari lilitoka kwa sauti kama mtu anayevua buti kwenye tope. Kabla hajaweka gia nikamshika mkono wa kulia nikauinua mbele ya uso wake. Nikamwambia neno lia limekufa. Huu ni mkono wa ugali. Na ule wa kushoto ni wa simu, kwa sababu ndio unaoushikia simu nikiongea na wewe. Akaweka gia.

Tukaondoka. Ugali tatu! Simu mbili! Ugali sita, ugali sita, simu moja! Nilisoma mpaka sauti ikakauka, na taa ikigonga bampa kama njuga. Tulifika wa mwisho kabisa. Walikuwa wameanza kukunja turubai, na aliyetuandikia muda ilibidi aifuate kalamu yake kwenye begi.

Mume wangu alizima gari. Kisha akasema hajawahi kumaliza Kikwe. Nikasema najua. Akasema, kwa hiyo hukufanya makusudi. Nikamwambia aniulize tena nimpige na helmeti.

Jumatatu kabla ya kwenda kazini alichukua spana akasimama sebuleni. Alisema anajua ninavyokitaka kile kiti, atakirudisha tu. Mtu mwenye akili angesema asante. Mimi nilisema makubaliano ni makubaliano, tumemaliza, kwa hiyo kinabaki. Nilijisikia mkubwa sana. Ukubwa wenyewe ulidumu mpaka Jumanne saa tatu asubuhi, nilipofika kliniki kwa miguu, jasho linachuruzika, mtoto mgongoni ananivuta nywele. Nesi aliyenijua akauliza kwani lile gari limeuzwa. Nikasema lipo. Limeharibika? Ni zima. Baba yake amekataa? Hapana, nesi, nimekataa mimi. Akaandika uzito wa mtoto kwenye kadi, halafu akanitazama mimi kama vile na mimi nina kadi yangu mahali.

Jioni nilimkuta mume wangu amekaa kwenye kile kiti, mtoto mapajani, amemfunga mkanda. Nikasimama mbele yao. Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima, ikaniishia mlangoni. Nikasema kiti kiingie garini. Kitoke wakati wa mashindano tu. Na siku kinatoka, anayesoma njia ni mimi, yule rafiki yake abaki na mke wake.

Hakucheka, nampa heshima yake kwa hilo. Akamlaza mtoto mkekani, akainama.

"Shika upande huo," nikamwambia.

"Upi?"

"Wa ugali."